Baiskeli ya Jumapili: Je, Yafaa Kununua Vipuri vya Bei Kubwa?

Mkulima, baiskeli si kitu kigeni katika skimu zetu. Tangu siku za Mpango wa Ekari Milioni Moja, ulioanza mwaka 1962, baiskeli nyeusi ya chuma imechukua maziwa mpaka kituo cha chama, imebeba magunia ya mbolea, na imefikisha mgonjwa zahanati usiku wa mvua. Hiyo twaijua sote, na hapana haja ya kuieleza.

Lakini siku hizi iko baiskeli ya namna nyingine. Hii haibebi kitu ila mwenyewe. Ina usukani uliopinda kama pembe za kondoo, au tairi pana zenye meno kwa njia za milimani, na mwenyewe huiendesha kwa kujifurahisha, kazi za asubuhi zikiisha. Wengine ni vijana waliomaliza shule. Wengine ni wazee ambao daktari amewaambia wafanye mazoezi kwa ajili ya moyo na sukari. Jambo hili ni jema. Mtu aliyeamka alfajiri kukamua siku sita ana haki ya kujifurahisha siku ya saba, wala hapana aibu katika hilo.

Taabu huanza pale mwenye baiskeli anaposikia kwamba baiskeli yake haifai mpaka atie vipuri vya bei kubwa: gia za daraja la juu, magurudumu ya kaboni, mnyororo mwembamba, breki za mafuta. Husikia hayo kwa wenzake, au huyaona katika simu. Kisha hutazama fedha za maziwa za mwezi, naye hujiuliza, je, ninunue? Makala hii ni ya kukusaidia kujibu swali hilo kwa hesabu, wala si kwa tamaa au kwa haya.

UNALIPIA NINI?

Kwanza yafaa ufahamu jinsi vipuri vinavyopangwa. Chukua mfano wa kampuni ya Shimano ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1921 katika mji wa Sakai. Kampuni hii hutengeneza seti za gia na breki kwa madaraja, kama vile shule ilivyo na madarasa. Katika baiskeli za milimani, Deore ni daraja la kati, na juu yake ziko SLX, XT na XTR. Katika baiskeli za mbio za barabarani, 105 ni daraja la kati, juu yake iko Ultegra, na juu kabisa iko Dura-Ace.

Ukipanda kutoka daraja la chini mpaka la kati, fedha zako hununua mambo ya maana. Gia hushika vizuri zaidi, breki huvuta sawasawa, gololi hukaa muda mrefu, na chuma hakipindi upesi. Lakini ukipanda kutoka daraja la kati mpaka la juu kabisa, bei huweza kuwa mara mbili au zaidi, na unachopata ni wepesi wa gramu mia kadhaa, ulaini kidogo wa kubadili gia, na sura inayong'aa. Kazi yenyewe, yaani kuhamisha mnyororo kutoka jino hata jino na kusimamisha gurudumu, ilikuwa imekwisha kufanywa vizuri na lile daraja la kati.

Tena usidhani kwamba kipuri cha bei kubwa ndicho kidumucho zaidi. Katika seti za Dura-Ace, baadhi ya magurudumu ya meno ya nyuma hutengenezwa kwa titani ili yawe mepesi. Titani hulika upesi kuliko chuma cha pua. Mwendesha mbio hajali, kwa kuwa timu yake humpa mengine. Wewe huna timu. Mwaka 2023 kampuni hiyohiyo ilitoa seti iitwayo CUES kwa baiskeli za watu wa kawaida, nayo ikayafanya meno yake kuwa manene kwa kusudi la kudumu. Hapo waona kwamba hata mtengenezaji anajua: wa mbio hutaka wepesi, wa kawaida hutaka kipuri kisichoisha upesi.

Iko sababu nyingine ya kutofanya haraka. Mambo mapya huanza katika daraja la juu, kisha hushuka. Gia zinazobadilishwa kwa umeme ziliuzwa katika Dura-Ace mwaka 2009. Mwaka 2022 zilifika katika 105. Aliyengoja alipata kitu cha namna ileile kwa bei ndogo zaidi, tena baada ya wengine kukijaribu na kuzitambua kasoro zake. Wahenga walisema subira huvuta heri.

HESABU YA UZITO

Neno litumiwalo sana na wauzaji ni wepesi. Basi tuupime wepesi huo kama tunavyopima mahindi.

Tuseme wewe una uzito wa kilo 65, na baiskeli yako kilo 12. Jumla ni kilo 77. Umenunua vipuri vya bei kubwa, ukaipunguza baiskeli kilo 1 nzima. Umepunguza sehemu 1 katika 77, yaani asilimia 1 na kidogo. Ukipanda mlima mrefu, kama ule utokao Bonde la Kerio kwenda Iten, mji ulio karibu mita 2,400 juu ya bahari, na kwa kawaida huupanda kwa saa 2, sasa utafika mapema kwa dakika 1 na nusu hivi. Katika nchi tambarare hutaona tofauti hata kidogo, maana huko kikuzuiacho zaidi ni upepo, wala si uzito.

Sasa fikiri jambo hili. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Mtu aliyebeba chupa mbili za lita moja moja, na njiani liko duka au bomba la maji safi, akiacha chupa moja nyumbani amepunguza uzito uleule bila kulipa hata senti. Na mtu mwenye kitambi akipungua kilo 3 kwa mazoezi hayohayo aliyokusudia, amepata faida ambayo hakuna duka liuzalo.

Hata katika mashindano makubwa ya dunia, wepesi una mpaka wake. Tangu mwaka 2000, sheria ya chama cha mchezo huo duniani, kiitwacho UCI, inakataza baiskeli ya mbio za barabarani kuwa na uzito chini ya kilo 6.8. Ikiwa mabingwa wenyewe wamewekewa mpaka, wewe unakimbilia wapi?

GIA NYINGI SI MWENDO

Watu wengi hudhani kwamba baiskeli yenye gia nyingi huenda mbio zaidi. Sivyo. Kinachofaa kutazamwa ni gia ndogo kabisa na gia kubwa kabisa, kama zinafaa nchi yako.

Gurudumu la kawaida la baiskeli ya mbio likizunguka mara moja huenda karibu mita 2.1. Ikiwa mbele una meno 34 na nyuma meno 34, ukizungusha pedali mara moja gurudumu nalo huzunguka mara moja, nawe huenda mita 2.1. Hiyo ni gia ya kupandia mlima. Miguu huzunguka polepole na magoti hayaumii. Ikiwa mbele una meno 50 na nyuma 11, mzunguko mmoja wa pedali hukupeleka mita 9 na nusu. Hiyo ni gia ya mteremko na ya wenye nguvu nyingi.

Yako mashamba yetu mengi yaliyo katika nchi ya vilima. Seti nyingi za mbio za zamani, ambazo leo huuzwa kwa mtumba na kusifiwa kuwa za daraja la juu, zilikuwa na meno 39 mbele kwa udogo, na 25 nyuma kwa ukubwa. Gia hiyo ilimfaa kijana wa mbio mwenye mapafu ya farasi. Mtu wa miaka 50 akiitumia kupanda kilima, atashuka na kusukuma, na kesho yake magoti yatamwambia alichofanya. Hapo seti ya daraja la chini yenye gia ndogo ni bora kwake kuliko seti ya bingwa.

Tena kadiri meno ya nyuma yanavyozidi kuwa mengi, ndivyo mnyororo unavyozidi kuwa mwembamba, kwa kuwa nafasi ni ileile. Mnyororo wa gia 8 una upana wa karibu milimita 7; wa gia 11 una karibu milimita 5 na nusu. Mnyororo mwembamba huhitaji kupangwa kwa uangalifu zaidi: waya ukilegea kidogo tu, au kile chuma cha nyuma kinachohamisha mnyororo kikipinda baada ya kuanguka, gia huanza kuruka. Baada ya mvua, udongo mwekundu unapokamata kila kitu, tofauti hiyo utaisikia.

Na fundi wako je? Kabla ya kununua, mwulize fundi aliye karibu nawe maswali matatu: Je, mnyororo wa namna hii unauzwa hapa sokoni? Je, unavyo vyombo vya kuufungua? Je, umewahi kuutengeneza? Akijibu hapana mara tatu, basi kila ubovu mdogo utakupeleka Nakuru, Eldoret au Nairobi, na nauli nayo ni sehemu ya bei.

MAHALI PA KUTUMIA FEDHA

Hatusemi usitumie fedha. Mtu akinunua kila kitu cha bei ya chini kabisa, atanunua mara tatu. Twasema tumia fedha mahali penye faida. Mahali hapo ni panne.

Kwanza ni tairi. Tairi ndilo liligusalo ardhi, na hakuna kipuri kiwezacho kubadili baiskeli kwa fedha kidogo kama tairi jema. Katika barabara zetu za changarawe usichague tairi nyembamba kwa kuwa mabingwa wa zamani walizitumia. Chagua tairi pana kadiri fremu yako inavyoruhusu, yenye tabaka la kuzuia miiba, nawe usilijaze hewa mpaka likawa gumu kama jiwe. Tairi gumu mno hurukaruka juu ya kila jiwe, nalo huchosha mikono na kupoteza nguvu. Tairi lenye hewa ya kiasi humeza kijiwe na kusonga mbele. Likiwa na hewa kidogo mno, nalo rimu itagonga jiwe na tyubu itatoboka. Jaribu siku kadhaa, upunguze kidogo kidogo, mpaka uone lipi lakufaa.

Pili ni breki. Mtu anayeteremka kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa huenda karibu mita 14 kila sekunde. Akiona ng'ombe barabarani, hana nafasi ya kujuta. Raba za breki ni kitu cha bei ndogo. Usingoje ziishe mpaka chuma kikakwaruza rimu. Ikiwa breki zako hubana rimu, tazama rimu yenyewe pia, maana udongo na mchanga huila kidogo kidogo. Rimu nyingi zina mfuo au kitundu kidogo cha alama. Alama hiyo ikitoweka, rimu imekwisha na yaweza kupasuka. Ikiwa breki zako ni za sahani, zile zinazovutwa kwa waya hutengenezwa na fundi yeyote mwenye akili. Zile za mafuta zina nguvu zaidi, lakini kumbuka kwamba mafuta yake si ya namna moja. Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini. Breki nyingi za SRAM hutumia mafuta kama ya breki za gari. Ukitia yasiyo yake, mipira ya ndani huharibika, na breki itakuacha siku usiyoitaka.

Tatu ni mahali pa kukalia na jinsi unavyokaa. Kiti kikiwa chini mno magoti huumia. Kikiwa juu mno nyonga huyumba na mgongo huuma. Kaa juu ya kiti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka. Ukiweka sasa mbele ya wayo juu ya pedali, kama inavyotakiwa, goti litakunjika kidogo, na hapo ndipo pafaapo kuanzia. Kazi hiyo haina gharama ila ufunguo mmoja. Wako watu waliobadili gia zote za baiskeli wakitafuta mwendo, na kumbe kilichowakosesha ni kiti kilichokuwa chini kwa upana wa vidole vitatu.

Nne ni kofia ngumu na taa. Hivi si vipuri vya mwendo, lakini ndivyo vitakavyokurudisha nyumbani. Barabara zetu zina malori, matatu na pikipiki, na giza huingia upesi. Taa nyekundu nyuma na nyeupe mbele zina faida kwako kuliko gurudumu la kaboni.

PIMA MNYORORO KWA RULA YA SHULE

Mkulima mwema hangoji ng'ombe aanguke ndipo amwite daktari wa mifugo. Baiskeli nayo ni vivyo hivyo. Mnyororo hauvunjiki ghafula; hulika pole pole katika pini zake, ukawa mrefu. Mnyororo uliorefuka hula meno ya nyuma na ya mbele, nayo ndiyo yenye bei.

Chukua rula ya mtoto yenye alama za inchi. Weka alama ya sifuri katikati ya pini moja, kisha hesabu vipande 24 vya mnyororo. Katika mnyororo mpya, pini ya mwisho huangukia inchi 12 kamili. Ikiwa imepita kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, nunua mnyororo mpya, na meno yako yatapona. Ikiwa imepita kwa sehemu moja ya nane, umechelewa. Huenda ikakupasa kubadili meno pamoja na mnyororo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Baada ya safari ya matope, usipige mnyororo kwa maji ya nguvu kama unavyoosha trekta, maana maji hupenya mpaka kwenye gololi na kuosha grisi. Pangusa kwa tambara, piga mswaki mkuukuu, kausha, kisha tia tone moja la mafuta katika kila pini. Zungusha, ngoja kidogo, kisha futa mafuta yaliyobaki nje, kwa sababu mafuta yaliyo nje hukusanya vumbi, na vumbi likichanganyika na mafuta huwa kama msasa. Mnyororo wa bei ya kiasi unaotunzwa hivyo hupita kwa mbali mnyororo wa bei kubwa usiotunzwa.

MTUMBA NA VITU VYA BANDIA

Baiskeli nyingi nzuri katika nchi yetu huja zikiwa zimetumika ng'ambo. Hapo pana bahati na hatari pamoja. Ukienda kununua, usitazame kwanza jina lililoandikwa katika gia. Inua gurudumu la nyuma, zungusha, utazame kama linayumba. Shika mikono ya pedali, uitikise kulia na kushoto. Ikicheza, gololi za ndani zimekwisha. Pima mnyororo kwa ile rula. Jaribu kushusha na kupandisha kiti, maana nguzo ya kiti iliyogandia ndani ya fremu ni taabu ya fundi wa siku nzima. Kisha pitisha kidole na jicho mahali mabomba yanapoungana, ukitafuta ufa.

Fremu au usukani wa kaboni wahitaji hadhari kubwa zaidi. Chuma cha kawaida hupinda kabla ya kuvunjika, nacho hukuonya. Kaboni iliyogongwa yaweza kuwa na jeraha la ndani lisiloonekana, kisha ikavunjika mara moja. Tena skrubu zake hukazwa kwa kipimo maalumu, kwa ufunguo unaoonyesha nguvu. Fundi akikaza kwa kukisia aweza kuivunja pale pale. Kama hujui historia ya kipande cha kaboni kilichotumika, usikipande. Na ukiona kipya chenye jina kubwa kinauzwa kwa bei ndogo mno, tambua kwamba majina huigwa. Usukani wa bandia si kama saa ya bandia. Saa ya bandia itakupotezea majira tu.

HESABU YA NYUMBANI

Sasa tuje katika jambo lililo kubwa kuliko yote. Mshahara wa mtu wa mjini huja mwisho wa mwezi. Fedha zako wewe hutoka katika udongo na katika ng'ombe, na mvua ikikosa, nazo hukosa. Kwa hiyo kila bei uisikiayo igeuze kuwa lita za maziwa au magunia, ndipo utakapoijua.

Tuseme chama kinakulipa shilingi 45 kwa lita, na seti unayoitamani ni shilingi 90,000. Hizo ni lita 2,000. Ng'ombe atoaye lita 10 kwa siku atakamuliwa siku 200 kwa ajili ya seti hiyo, nawe bado hujatoa gharama ya chakula chake, dawa ya kupe na malipo ya mkamuaji. Tuseme tena kwamba tairi mbili nzuri, mnyororo, waya mpya na raba za breki zote pamoja ni shilingi 9,000. Hizo ni lita 200, kazi ya ng'ombe huyo kwa siku 20. Weka bei za kwenu mahali pa hizi za mfano, ufanye hesabu mwenyewe usiku, pamoja na mkeo au mumeo, kabla ya kwenda dukani. Kitu kinachonunuliwa kwa siri huendeshwa kwa siri, na starehe yake huwa nusu.

Panga mambo kwa utaratibu huu: karo ya watoto, deni la shamba na la chama, mbegu na mbolea za msimu ujao, chakula na dawa za mifugo, bima ya afya, na akiba ya mwaka mbaya. Kinachobaki ndicho cha starehe. Usikope kwa ajili ya gia. Mkopo wa ng'ombe hulipwa na ng'ombe. Mkopo wa magurudumu ya kaboni hulipwa na ng'ombe yuleyule, naye hakuyapanda.

Wazee waliopokea mashamba katika skimu za kwanza wanaujua mfano huu. Mtu aliweza kununua ng'ombe wa gredi kwa mkopo, akamweka mahali pasipo malisho ya kutosha wala dawa ya kupe. Ng'ombe yule alikonda, na deni lilinenepa. Jirani yake alianza na majani, maji na ua, kisha akaleta ng'ombe wa kiasi. Huyu ndiye aliyelipa deni. Vipuri vya daraja la juu ni ng'ombe wa gredi. Miguu yako, mazoezi yako, tairi lako na mnyororo safi ndiyo malisho.

NANI BASI ANUNUE?

Wako watu ambao vipuri vya bei kubwa vinawafaa. Wa kwanza ni yule ashindanaye kweli kweli, ambaye dakika moja ni zawadi au nafasi ya kuchaguliwa. Wa pili ni yule aendeshaye saa nyingi kila juma kwa miaka, anayejua kwa hakika ni kipuri gani kinachomzuia, na ambaye mambo yote ya nyumbani yamekwisha kulipwa. Huyu akinunua kwa fedha yake, hapana mwenye haki ya kumwuliza. Chombo kizuri kina raha yake mkononi, kama jembe jema lilivyo.

Lakini kijana anayesema hawezi kuanza mpaka apate baiskeli ya bingwa, na amkumbuke Chris Froome. Alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na katika ujana wake alifanya mazoezi pamoja na David Kinjah na vijana wake huko Kikuyu, kwa baiskeli za kawaida za milimani na katika njia kama hizi zetu. Baadaye, akiendesha kwa jina la Uingereza, alishinda mashindano makuu ya Ufaransa, Tour de France, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Baiskeli ya bei kubwa ilikuja baada ya miguu. Haikuitangulia.

Na mwenye dharau kwa baiskeli ya kazi, na ajue hili pia. Mwaka 1987 F. K. Day alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa SRAM ya Chicago, kampuni itengenezayo vipuri vya mabingwa. Mtu huyohuyo mwaka 2005 alianzisha shirika la World Bicycle Relief, ambalo baiskeli yake iitwayo Buffalo imesambazwa katika nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwamo. Buffalo si nyepesi hata kidogo. Ni chuma kinene, karia imara, na vipuri ambavyo fundi wa kijijini aweza kuvitengeneza. Mtu anayejua vipuri vya bei kubwa kuliko wengi wetu alipotaka kuwafaa watu wa barabara kama zetu, hakuwaletea kaboni.

KWA KIFUPI

1. Weka kiti sawa kwanza. Hakuna gharama.

2. Nunua tairi jema na raba mpya za breki kabla ya kitu kingine chochote.

3. Pima mnyororo kila mwezi, nawe ubadili mapema.

4. Ukibadili gia, chagua daraja la kati, zenye gia ndogo ya kupandia, na ambazo fundi wako anazijua.

5. Usinunue kaboni usiyoijua historia yake, wala usukani wa bei ya ajabu.

6. Geuza bei kuwa lita za maziwa, na mfanye hesabu wawili nyumbani.

7. Usikope kwa ajili ya starehe.

Ukiyafanya hayo, mkulima, Jumapili utaitoa baiskeli yako bila hofu wala deni. Huenda katika mlima ukapitwa na kijana mwenye magurudumu ya kaboni. Mwache apite. Wewe umefika kwa miguu yako, karo imelipwa, na Jumatatu alfajiri ng'ombe anakungoja akiwa ameshiba.